Kamera Haina Macho: Somo la Delta ya Rufiji

Kila wanapokutana wapiga picha, ubishi huu haukosi kuzuka: je, picha nzuri hutokana na kamera nzuri, au hutokana na mtu aliyeishika? Mwenye fedha huisifu kamera, na asiye nazo huusifu ujuzi. Wapo wanaouona ubishi huu kuwa ni mazungumzo ya barazani tu. Lakini kwa mwananchi wa Mbwera, Salale au Kiongoroni, na kwa afisa wa Serikali wa Kibiti anayeletewa mezani picha za visiwa hivyo, jambo hili si la mzaha. Siku hizi picha ni shahidi. Ndiyo inayoonyesha mikoko iliyokatwa, shamba la mpunga lililozama na nyumba iliyobomoka. Shahidi huyo akikosea, mwenye haki huikosa haki yake.

Delta yenyewe ina kisa kinachoweza kutusaidia kuamua. Mnamo Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya mito ya Rufiji. Mabaharia wake waliifunika kwa matawi ya miti ili ifanane na msitu. Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi, lakini hazikuweza kupita katika maji yale mafupi, na darubini zao hazikupenya mikoko. Wakamwajiri rubani raia aliyeitwa Dennis Cutler, mwenye ndege ya kutua majini. Novemba mwaka ule aliporuka na kusema kuwa ameiona manowari hiyo, wakubwa hawakuridhika. Ikambidi ampakie afisa wa meli aliyezoea kuzitambua manowari, naye ndiye aliyethibitisha. Ndege ilikuwa ile ile na delta ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa jicho lililojua linatazama nini.

Mwaka uliofuata, 1915, ndege nyingine zililetwa, na mwezi wa Aprili picha za Königsberg zikapigwa kutoka angani. Hewa ya joto la pwani yetu ilizifanya ndege zile zishindwe kupanda juu, hivyo rubani John Cull na wenzake walilazimika kupita chini huku wakipigwa risasi. Vyombo vyao vilikuwa dhaifu, lakini picha zikapatikana.

Fundisho kubwa zaidi lilikuja mwezi wa Julai. Tarehe 6, manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kufyatua mamia ya makombora huku watazamaji walio katika ndege wakiwapasha habari wapigaji mizinga. Kazi haikukamilika. Manowari zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji wa angani akashindwa kujua kombora lililoanguka ni la nani. Tarehe 11 zilirudi na mizinga ile ile, lakini safari hii zilipiga kwa zamu. Siku hiyo Königsberg iliangamia. Katika siku tano zile haikununuliwa zana mpya. Kilichobadilika ni akili ya kuzitumia zana zilizokuwapo.

Vita ile haikuwa yetu, ijapokuwa ilipiganwa katika ardhi yetu. Lakini fundisho lake ni letu. Na kama mtu atasema kuwa hayo ni mambo ya mizinga wala si ya kamera, basi na amtazame Mohamed Amin. Mwana huyo wa Afrika Mashariki alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akasoma Dar es Salaam, na huko huko akaanza kazi yake kwa kamera ya mtumba aina ya Box Brownie, chombo chepesi cha mtu anayejifunza. Mwaka 1984 alipiga filamu ya njaa ya Ethiopia iliyoushtua ulimwengu mzima na kuamsha michango mikubwa. Kamera aliyoitumia ingeweza kununuliwa na shirika lolote la habari. Kisichonunuliwa ni miaka yake mingi ya kuijua kanda hii, subira ya kutafuta kibali mpaka kikapatikana, na utu wa kumkaribia mwenye njaa bila ya kumdhalilisha.

Hata hivyo, tusiidharau zana. Amin huyo huyo alipopoteza mkono wake katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, alihitaji mkono wa bandia ili aweze kuendelea na kazi. Ujuzi bila chombo ni nahodha asiye na jahazi. Na chombo nacho kina mipaka, tena kina upendeleo. Filamu za rangi za zamani zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na kwa miaka mingi sura za watu weusi zilitoka kama vivuli. Mpaka leo kamera inayojipimia mwanga yenyewe, ikielekezwa kwa mvuvi aliyesimama mbele ya maji yanayong'aa, humtoa mvuvi mweusi tii, asiye na macho wala mdomo. Mjuzi ataipuuza hesabu ya kamera na kuongeza mwanga, au atamgeuza mvuvi alitazame jua la asubuhi. Asiye mjuzi atadai anunuliwe kamera nyingine.

Sasa tuiangalie delta ya leo. Hapa pana hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Msitu huo ni hifadhi kisheria, na ndani yake wanaishi watu wanaolima mpunga, wanaovua samaki na kukata boriti. Ili kuulinda, wataalamu hutumia picha za setilaiti. Ni zana ya ajabu, na bila hiyo hakuna awezaye kuuona msitu wote kwa mara moja. Lakini katika picha za setilaiti za Landsat, zilizotumika kwa miaka mingi, nukta moja huchukua mita 30 kwa mita 30. Shamba dogo la mpunga laweza kupotea ndani ya nukta hiyo. Tena, kutoka huko juu, mkoko, mchu, mkandaa na mlilana yote ni kijani kimoja. Mzee wa delta huitofautisha kwa mizizi yake tu, hata kabla hajainua uso kutazama majani.

Kisha kuna maji. Wakati wa bamvua, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Picha ya ufuko iliyopigwa maji yakiwa yamejaa na nyingine iliyopigwa yakiwa yamekupwa zinaweza kumfanya mgeni aamini kuwa kisiwa kimeliwa na bahari kwa siku moja. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozikumba Rufiji na Kibiti, na Kimbunga Hidaya kilipofika pwani mwezi wa Mei mwaka huo, picha zilienea kila upande. Picha isiyosema imepigwa wapi, lini, na maji yakiwa katika hali gani, hata iwe safi namna gani, haimsaidii afisa kupima hasara wala mwananchi kuithibitisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: ujuzi utangulie, zana ifuate. Ofisi inayotenga fedha za kununua kamera haina budi kutenga pia fedha za kuwafundisha vijana wa vijijini kuzitumia, pamoja na fedha za kuzitunza, kwani unyevu wa delta huotesha kuvu ndani ya lenzi hata ya bei kubwa. Kila picha ya kazi ya Serikali iandikwe mahali, tarehe, saa na hali ya maji. Na kabla mtu hajaambiwa kuwa amevamia hifadhi kwa ushahidi wa picha ya setilaiti, mtaalamu na apande mtumbwi, afike pale pale, akiwa pamoja na mwenyeji.

Nanyi wananchi wa visiwani, msingoje kamera ya thamani. Simu iliyomo mfukoni inatosha kuanzia. Chagueni mahali pamoja, simameni hapo hapo kila mwezi, maji yakiwa katika hali ile ile, mpige picha na kuandika tarehe. Baada ya miaka michache mtakuwa na ushahidi wa ufuko wenu na mikoko yenu ambao hakuna mgeni awezaye kuuleta kutoka mjini, hata aje na kamera ya mamilioni ya shilingi.