Mabishano ya Mirathi Katika Chama cha Adenauer

Tarehe 17 Februari 2024, ndani ya meli katika Mto Rhine, karibu na mji mdogo wa Remagen ulio kusini ya Bonn, walikutana watu ambao wengi wao walikuwa wametumia sehemu kubwa ya umri wao katika Umoja wa Kidemokrasia wa Wakristo, chama ambacho Wajerumani hukiita kwa herufi zake CDU, wakaasisi chama kipya na kukipa jina la WerteUnion, maana yake Muungano wa Maadili. Ukifuata mkondo wa mto kutoka hapo, baada ya mwendo mfupi utaifikia Rhöndorf, mahali alipokaa Konrad Adenauer mpaka kufa kwake mwaka 1967, naye ndiye mzee aliyekiongoza CDU tangu siku zake za mwanzo na kuwa Kansela wa kwanza wa Ujerumani ya Magharibi. Ukaribu huo wa mahali wanikumbusha kiini cha jambo lenyewe, kwani ugomvi ninaotaka kuueleza ni ugomvi wa mirathi: nani mrithi halali wa nyumba aliyoijenga Adenauer, na nani aliyeingia kwa mlango wa uani akabadili mpango wa vyumba bila idhini ya wenyewe.

Sharti msomaji ajue kwanza kwamba nyumba hiyo haikujengwa na wahafidhina peke yao. Mwaka 1945, Ujerumani ikiwa magofu na majivu baada ya kuanguka kwa utawala wa Hitler, Wakatoliki waliotoka katika chama cha zamani cha Zentrum, na Waprotestanti ambao baba na babu zao walikuwa hawaketi nao meza moja, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na wenye viwanda waliokuwa mahasimu wa viongozi hao, walikubaliana kuingia chini ya paa moja, na ndiyo sababu wakajiita Umoja. Mwaka 1947, katika mji wa Ahlen, wana-CDU wa eneo lililokuwa chini ya Waingereza walitoa azimio la kuushutumu ubepari na kutaka migodi iwe mali ya umma. Na haikupita miaka 3 ila chama hicho hicho, huko Düsseldorf, kilishika njia ya Ludwig Erhard, ya soko huru lenye kuwachunga wanyonge. Tangu hapo wazee wa chama hunena kwamba mti wao una mizizi 3, yaani mafundisho ya Kikristo juu ya haki za jamii, uliberali, na uhafidhina. Basi mtu adaiye kwamba CDU ya asili ilikuwa ya wahafidhina watupu huyo adai shamba zima kwa hati ya theluthi moja; lakini, kwa insafu, hiyo theluthi yake ni haki yake, na anayeiponda humdhulumu.

Wala mivutano ndani ya nyumba hiyo si jambo la jana. Wazee wetu wa Tanzania watakumbuka mwaka 1965, serikali ya Erhard ilipokatiza msaada wake wa kijeshi kwa sababu Ujerumani ya Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akajibu kwa kuukataa na msaada mwingine wa serikali hiyo. Walakini ni wachache waliojua kwamba wakati ule ule Erhard alikuwa akisukumana na watu wa chama chake mwenyewe, akiwamo Adenauer aliyekwisha kuacha ukansela, kwa kuwa yeye aliegemea Marekani nao walitaka kushikamana na Ufaransa ya Jenerali de Gaulle. Kisha, Novemba 1976, chama ndugu cha Bavaria, CSU, kikiongozwa na Franz Josef Strauss, kilikata shauri huko Kreuth kuvunja ushirika wake na CDU katika Bunge. CDU ikatishia kufungua matawi Bavaria, na kabla mwaka haujaisha uamuzi ule ukafutwa. Strauss, ambaye ukali wake haukuwa na mfano, alijua pa kukomea.

Manung'uniko ya zama zetu yalianza katika ukansela wa Angela Merkel, aliyeshika madaraka mwaka 2005. Mwaka 2010 serikali yake ilirefusha muda wa mitambo ya nyuklia kufanya kazi, na baada ya maafa ya Fukushima ya Machi 2011 ikageuka, katika miezi michache, na kuamua kuifunga yote. Mwaka huo huo wa 2011, uandikishaji wa lazima wa vijana jeshini, ambao chama kilikuwa kikiutetea tangu siku za Adenauer, ulisimamishwa. Zikaja fedha za kuiokoa Ugiriki na sarafu ya yuro. Na mwaka 2015, Merkel alipowaambia Wajerumani kwamba wataweza, wakaingia nchini watu wapatao 890,000 wenye kutafuta hifadhi. Mimi siungani na wale wanaoyaona mambo haya yote kuwa makosa. Kumpokea mtu aliyekimbia mabomu ya Syria ni jambo ambalo chama chenye jina la Ukristo kingeweza kulijibia mbele ya Mungu na mbele ya watu bila kuona haya. Lakini namna maamuzi yalivyofanywa ilikuwa na kasoro kubwa. Jumatatu ya tarehe 26 Juni 2017, katika mazungumzo ya jukwaani, Merkel alisema kwamba suala la ndoa za watu wa jinsia moja lingefaa kuachiwa dhamiri ya kila mbunge. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Bunge likapiga kura, 393 wakakubali na 226 wakakataa, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokataa. Jambo lililobishaniwa miaka na miaka likaisha katika siku 4, na wanachama wa vijijini, waliokuwa wakilitetea upande mmoja nyumba hata nyumba katika kila kampeni, hawakupewa hata mkutano mmoja wa kuagana nalo.

Kwa wengine subira ilikwisha mapema. Alexander Gauland, mwana-CDU wa miaka 40, alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama Mbadala kwa Ujerumani, AfD, mwaka 2013. Chama hicho kikapata asilimia 4.7 ya kura mwaka ule, chini kidogo ya kizingiti cha asilimia 5 cha kuingia Bungeni, na miaka 4 baadaye kikapata 12.6. Waliobaki ndani ya CDU huku mioyo yao imejeruhiwa walikutana Schwetzingen, Machi 2017, wakaunda WerteUnion, ambayo wakati huo haikuwa chama bali jumuiya ya watu walioahidiana kukirudisha chama chao katika njia waliyoiona kuwa ya asili. Katiba ya CDU inazitambua jumuiya za vijana, za wanawake, za wafanyakazi, za wenye biashara na za wazee. Hiyo ya maadili haikutambuliwa kamwe. Idadi yao, hata katika kilele chao, ilikuwa kiasi cha watu 4,000 katika chama chenye wanachama 400,000 hivi, lakini sauti yao ilifika mbali kuliko idadi yao, kwani walisema hadharani yale ambayo wengi waliyasema faraghani. Desemba 2018, mtu waliyemtaka, Friedrich Merz, alipogombea uongozi wa chama, alishindwa na Annegret Kramp-Karrenbauer kwa kura 482 dhidi ya 517. Pengo dogo hilo ladhihirisha kwamba kilio chao hakikuwa cha kikundi cha pembeni tu.

Msomaji wa Dodoma au Nairobi atauliza: kama walikuwa kero, kwa nini hawakufukuzwa? Hapa ndipo sheria ya Wajerumani inapotofautiana sana na desturi tunazozijua. Kwetu, mbunge anayevuliwa uanachama nchini Tanzania hupoteza na kiti chake; kwao, mbunge ni mjumbe wa taifa zima, hafungwi ila na dhamiri yake, na hata akikihama chama hubaki Bungeni mpaka muda uishe, kama alivyobaki Erika Steinbach alipojitoa CDU Januari 2017. Na kumvua mtu uanachama kwenyewe si kazi ya mwenyekiti wala ya kamati kuu. Katiba yao, katika kifungu cha 21, yataka vyama viendeshwe kidemokrasia ndani kwa ndani, na Sheria ya Vyama ya mwaka 1967 yasema kwamba mwanachama hafukuzwi ila amevunja katiba ya chama kwa makusudi, au amekwenda kinyume kabisa cha misingi na nidhamu yake, na kwa kitendo hicho amekitia chama hasara kubwa. Tena shauri hilo huamuliwa na baraza la hukumu lililo huru na uongozi, lenye ngazi za rufani. Kiongozi aweza kughadhibika apendavyo, lakini ghadhabu si ushahidi. Nayaona masharti haya kuwa hazina, nami ningependa vyama vyetu viyatazame kwa makini.

Kilichoiharibia WerteUnion, basi, hakikuwa sheria. Kilikuwa siku moja, tarehe 5 Februari 2020, katika Bunge la jimbo la Thuringia, mjini Erfurt. CDU ilikuwa imeazimia, Desemba 2018, kutoshirikiana na chama cha mrengo wa kushoto Die Linke wala na AfD, na azimio hilo kwa upande wa AfD Wajerumani huliita ukuta wa kuzuia moto. Siku hiyo Thomas Kemmerich wa chama cha kiliberali cha FDP, chama kilichokuwa na wabunge 5 tu humo, alichaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo kwa kura za FDP, za CDU na za AfD kwa pamoja. Nchi nzima ikatikisika, kwa sababu Wajerumani hawajasahau kwamba katika jimbo lile lile, mwaka 1930, ndipo wafuasi wa Hitler walipoingia serikalini kwa mara ya kwanza kwa kupokelewa na vyama vya kiungwana. WerteUnion, badala ya kushtuka, ilishangilia. Merkel, aliyekuwa ziarani Afrika Kusini, alisema kutoka Pretoria kwamba jambo hilo halisameheki na lazima litanguliwe, Kemmerich akajiuzulu, Kramp-Karrenbauer, aliyeshindwa kuwatiisha watu wake wa Thuringia, akatangaza kuuacha uongozi wa chama, na Elmar Brok, mzee wa siasa za Ulaya katika CDU, akaifananisha WerteUnion na saratani. Ni haki kuongeza kwamba mwaka 2022 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa Merkel, kwa kusema vile akiwa Kansela, alikiuka haki ya AfD ya kushindana kwa usawa. Lakini kosa la ulimi wa Kansela haliondoi kosa la wale walioshangilia. Uhafidhina wowote wenye heshima kazi yake ya kwanza ni kuihifadhi katiba ya nchi isiangukie mikononi mwa wasioipenda. Na mtu anayejiita mlinzi wa mirathi ya Adenauer, aliyefungwa jela na Wanazi, alipaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwenyekiti mpya wa WerteUnion, Max Otte, alikubali Januari 2022 kuwa mgombea wa AfD wa urais wa nchi, na CDU ikamfukuza. Katika uenyekiti akafuatiwa na Hans-Georg Maaßen, aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama ya kuilinda katiba tangu 2012 mpaka alipoondolewa mwaka 2018, baada ya kauli yake juu ya ghasia zilizotokea katika mji wa Chemnitz. Uongozi wa CDU ulitaka avuliwe uanachama kwa maneno yake. Baraza la hukumu la wilaya, huko Thuringia, likakataa ombi hilo Julai 2023, na ngazi za juu zikabaki. Hakungoja. Januari 2024 akajitoa mwenyewe, na mwezi uliofuata wakapanda meli ile.

Hukumu yangu, nami naitoa kwa moyo mzito kwa sababu chama kikubwa kinachopasuka huacha ufa katika nchi nzima, ni kwamba viongozi wa CDU walikosa kwa kuwanyima watu wao mjadala katika mambo makuu, na wahafidhina wao wakakosa zaidi kwa kuondoka saa ile ile walipokuwa wakisikilizwa. Maana tangu Januari 2022 mwenyekiti alikuwa Merz, yule waliyemtamani, aliyechaguliwa safari hii kwa kura za wanachama wote. Na Mei 2024, miezi 3 baada ya meli ya Remagen, chama kilipitisha mwongozo mpya uliotaka kurudishwa hatua kwa hatua kwa uandikishaji jeshini, masharti makali ya hifadhi, na utamaduni mmoja wa kuongoza nchi. Sehemu kubwa ya madai yao ilikuwa tayari mezani, nao hawakuwapo mezani.

Kura za Thuringia zilipigwa tarehe 1 Septemba 2024. AfD ilipata asilimia 32.8, CDU 23.6, na WerteUnion, katika jimbo ambalo mwenyekiti wake aligombea ubunge miaka 3 nyuma kwa tiketi ya CDU na kushika nafasi ya pili, ilipata 0.6.