Haki za Mpangaji wa Duka: Sehemu ya Pili

Baada ya kueleza habari za nyumba za kukaa, leo twageukia maduka na maghala, kwa kuwa wafanya biashara wengi wa Kisangani, tangu Makiso hata Mangobo, hudhani kwamba sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayowalinda, na hali sheria hiyo, kama jina lake linavyobainisha, haihusu upangaji wa kibiashara. Kinga yao imo katika Sheria ya Pamoja ya Biashara ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika inayooanisha sheria za biashara, iliyopitishwa Lomé mwaka 2010, ambayo imeanza kutumika nchini mwetu tangu Septemba 2012.

Mtu asitarajie kukuta humo kikomo cha kodi. Kodi ni mapatano. Lakini wakati wa kuhuisha mkataba, mwenye jengo na mpangaji wakikhitilafiana juu ya kodi, hakimu huamua kwa kuangalia mahali pa jengo, ukubwa wake, uchakavu wake na kodi zitozwazo katika ujirani ule. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na jengo likiuzwa, mnunuzi hufungwa na ahadi za aliyemtangulia.

Haki iliyo kubwa kupita zote ni ya yule aliyefanya biashara yake, kwa mujibu wa mapatano, kwa muda usiopungua miaka 2: huyo astahili kuhuishiwa mkataba, na mwenye jengo akikataa pasipo sababu nzito na halali, au pasipo nia ya kubomoa na kujenga upya, sharti amlipe fidia inayokadiriwa kwa mauzo, kwa mali aliyoitia mpangaji, na kwa gharama za kuhama. Wala hakuna kifungu cha mkataba kiwezacho kuibatilisha haki hii. Lakini, nasema kwa masikitiko, yapotea kwa kimya tu: mwenye mkataba wa muda maalumu asipoomba, kwa njia ithibitishayo kupokewa, angalau miezi 3 kabla ya muda kwisha, ameikosa; na mwenye jengo aliyeombwa, asipojibu hata ukabaki mwezi 1, huhesabiwa amekubali.

Kumtilia mpangaji kufuli kwa sababu ya deni ni dhuluma. Kwanza onyo la mwezi 1, kisha mahakama.

Basi, ewe mwenye duka, tazama leo tarehe ya mwisho wa mkataba wako, hesabu miezi 3 nyuma, na barua yako iwe imekwisha kupokewa. Juma lijalo tutaeleza matengenezo ya paa na kuta ni juu ya nani.