MGONJWA NAYE ANA HAKI: KOSA LA TIBA NA NJIA ZA KUDAI



Mtaji wa mfanyakazi ni mwili wake. Mchuma chai aliyepoteza vidole, au mwendesha mashine ambaye mkono wake haukunjiki tena, amepoteza ujira wa miaka yote iliyobaki, na watoto wake wamepoteza ada ya shule. Ndiyo maana swali hili hurudi mara kwa mara katika mazungumzo yetu hapa Kabeza: mtu akienda kutibiwa jeraha dogo akarudi na ulemavu, afanye nini? Wengine husema ni mapenzi ya Mungu, wakanyamaza. Wengine hutaka kwenda kumpiga muuguzi. Njia zote mbili hazilishi watoto. Iko njia ya tatu, nayo ni ya sheria.

Kosa la tiba ni nini?

Kwanza tuelewane: si kila tiba iliyoshindwa ni kosa. Sheria za Rwanda zilirithi mengi kutoka Ubelgiji na Ufaransa. Tarehe 20 Mei 1936 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kesi ya mwanamke aliyeunguzwa uso kwa mionzi ya eksirei alipokuwa akitibiwa ugonjwa wa pua. Mahakama ilisema daktari hamwahidi mgonjwa kwamba atapona. Anachomwahidi ni matunzo ya uangalifu, yanayolingana na elimu ya utabibu ya wakati huo. Asipoyatoa, atawajibika. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa hata leo.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi amekatwa kiganja na mashine. Zahanati wamesafisha jeraha, wametazama kama kuna kipande cha chuma ndani, wameuliza habari za sindano ya pepopunda, wamemwambia arudi baada ya siku mbili. Hata hivyo jeraha limeoza. Hiyo ni bahati mbaya, si kosa. Sasa mfanyakazi wa pili: jeraha limeshonwa na uchafu ndani, hakuulizwa lolote, amerudi na homa na mkono umevimba, akaambiwa aende nyumbani anywe dawa za maumivu. Baada ya wiki moja mkono umekatwa. Hapo kuna la kuuliza.

Anayedai fidia lazima aonyeshe mambo matatu. La kwanza, kosa: kilifanyika kisichopasa, au hakikufanyika kilichopasa. La pili, madhara: ulemavu, maumivu, gharama, ujira uliopotea. La tatu, kwamba madhara hayo yametokana na kosa hilo, si na ugonjwa wenyewe. Hili la tatu ndilo linaloangusha madai mengi, kwa sababu linahitaji ushahidi wa mtaalamu.

Jambo jingine ni ridhaa. Kabla ya kupasuliwa una haki ya kuelezwa, kwa lugha unayoijua, utafanywa nini na kuna hatari gani. Usitie sahihi wala kidole gumba kwenye karatasi usiyosomewa. Na ujue kwamba kukubali kupasuliwa si kukubali kupasuliwa vibaya.

Makosa haya hayako kwetu peke yetu. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishana: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Februari 2018, katika Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafutwa damu iliyoganda, kumbe mwenye damu hiyo alikuwa mwingine. Vitambulisho vilikuwa vimechanganywa. Basi ukipelekwa chumba cha upasuaji, taja jina lako kamili na sehemu inayokuuma, hata kama hukuulizwa. Hiyo si jeuri.

Karatasi ndiyo shahidi

Maneno hupotea, karatasi hubaki. Tunza daftari la matibabu, risiti, majibu ya maabara, picha za eksirei na karatasi ya kuruhusiwa kutoka. Andika siku, saa, na jina la aliyekuhudumia. Piga picha jeraha kwa simu. Omba kwa barua nakala ya faili lako, na ubaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Kisha mwone daktari wa hospitali nyingine akupime na kuandika ripoti. Usichelewe, kwani madai yana muda wake, na kumbukumbu za watu nazo hufifia.

Milango iko minne

Mlango wa kwanza ni uongozi wa hospitali. Andika malalamiko kwa mkurugenzi, kwa adabu na kwa ufupi. Mengine huishia hapo kwa mapatano, lakini usitie sahihi mapatano kabla hujashauriwa.

Mlango wa pili ni mabaraza. Daktari ana Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na muuguzi na mkunga wana baraza lao. Baraza huchunguza mwenendo na laweza kumwadhibu mwanachama wake. Halilipi fidia, ila uchunguzi wake waweza kukusaidia mbele.

Mlango wa tatu ni mahakama, kwa madai ya fidia. Kanuni ni kwamba anayeajiri hujibu kwa kosa la mwajiriwa wake alilolifanya kazini. Kwa hiyo unaweza kuidai hospitali, na kama zahanati ni ya shamba au kiwanda, unaweza kumdai mwenye shamba au kiwanda.

Mlango wa nne ni Idara ya Upelelezi, RIB, kama mtu amekufa au ameumizwa vibaya kwa uzembe. Sheria ya makosa na adhabu ya 2018 inaadhibu kuua bila kukusudia.

Usiseme huna pesa ya wakili. Katika kila wilaya kati ya wilaya 30 za nchi iko ofisi ya msaada wa sheria ya Wizara ya Sheria, inayoitwa MAJ. Ushauri wake ni bure. Sisi wa Kabeza yetu ni ya Wilaya ya Kicukiro. Na kama jeraha la kwanza lilipatikana kazini, madai ya ajali kazini kwa RSSB ni jambo la pekee. Usiyaache kwa sababu unadai hospitali.

Muuguzi si adui

Tusisahau kwamba muuguzi naye ni mfanyakazi. Anayebaki zamu ya usiku peke yake na wadi imejaa atakosea hata akiwa na moyo mwema. Sheria Na. 49/2012 ya tarehe 22/01/2013 iliweka bima ya uwajibikaji wa kitabibu kwa sababu hiyo: aliyeumizwa alipwe, na fidia isitoke katika mshahara wa mtu mmoja. Agosti 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya huduma za afya. Kwa hiyo anayeandika madai leo awaulize MAJ ni vifungu gani vinavyotumika.

Wako wanaoogopa: nikishtaki, kesho nitatibiwa na nani? Hofu hiyo inaeleweka, lakini kudai kwa barua na kwa ushahidi si ugomvi. Kosa lililofichwa humrudia mgonjwa mwingine, naye huenda akawa mwenzako wa mashine ya pili. Kosa lililoandikwa huwalazimisha wakubwa kuuliza kwa nini wadi ina muuguzi mmoja.

Mwenzetu akiumizwa, asiachwe aende peke yake. Mjumbe wa chama afuatane naye, amsomee karatasi, amwandikie barua. Kidole kimoja hakivunji chawa.