Marehemu Bibi Wangari Maathai, Mpanda Miti

Katika gazeti letu hili tumezoea kuandika habari za bei, za majamvi ya kuanikia, na za miche ya mikarafuu. Safari hii twaomba ruhusa ya wanachama tuandike habari za bibi mmoja ambaye hakuwa mkulima wa karafuu wala mtu wa visiwani, lakini kazi yake ni kazi tuijuayo sana sisi: kupanda mti na kungoja. Naye ni marehemu Bibi Wangari Maathai wa Kenya, aliyefariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 71.

Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, upande wa Nyeri, na wazazi wake walikuwa wakulima. Siku zile mtoto wa kike kupelekwa shule ilikuwa ni bahati, na bahati hiyo aliipata kwa kaka yake, Nderitu, aliyemwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hapana sababu. Swali hilo la mtoto lilimfikisha mbali. Alisoma Nyeri, kisha Limuru, na mwaka 1960 alikwenda Marekani pamoja na vijana wengine wa Kenya wapatao 300. Aliporejea mwaka 1966, na shahada mbili mkononi, alikuta kazi aliyoahidiwa kwa barua imekwisha pewa mtu mwingine. Hakurudi kijijini kununa. Alitafuta nyingine, akafundisha elimu ya maumbile ya wanyama, na mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata.

Sasa na tuje kwenye miti. Alipokuwa mdogo mama yake alimkataza kuokota kuni katika mti mmoja mkubwa, ambao Wakikuyu huuita mugumo, kwa kuwa mti ule ni wa Mungu. Karibu yake palikuwa na kijito, na mtoto yule alikuwa akicheza na mayai ya vyura majini. Aliporudi kutoka masomoni alikuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Wazee hawakusoma elimu ya udongo, lakini walijua kuwa mizizi ile ndiyo iliyoshika ardhi na kuyapa maji njia. Wenye mashamba ya mikarafuu milimani wataelewa upesi kuliko watu wa mjini.

Wanawake wa vijijini walikuwa wakilalamika kuwa kuni ziko mbali, maji haba, na watoto hawali vizuri. Jibu lake lilikuwa jepesi mno hata wengine walicheka: tupande miti. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya Baraza la Wanawake wa Kenya, walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa chama kilichokuja kujulikana duniani kwa jina la Green Belt.

Mabwana misitu mwanzo waliahidi miche bure, wakidhani wanawake wataomba michache. Haukupita mwaka, walipoona wingi wa miche inayotakiwa, wakataka walipwe. Wakasema tena kwamba kupanda miti ni kazi ya watu wenye vyeti. Basi wanawake wakaanzisha vitalu vyao wenyewe. Wakakusanya mbegu katika miti ya kwao, wakaotesha katika vyungu vilivyovunjika na kitu chochote kinachoshika udongo. Bibi Wangari akawaita mabwana misitu wasio na vyeti.

Na hapa ndipo twaomba wanachama wasome polepole. Mwanamke hakulipwa kwa mche alioupanda. Alilipwa senti chache kwa kila mche uliopona. Yaani hesabu ilifanywa baadaye, mti ukiwa umeshika. Sisi huku twajua jinsi miche inavyogawiwa kwa shangwe, picha zikapigwa, ikaandikwa katika vitabu kuwa ni mikarafuu. Kiangazi kikija, mwenye kuipelekea maji haonekani. Kwa mtindo ule wa senti chache, hata mwaka 2004 miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Nyumbani hakukuwa na raha kama hiyo. Aliolewa mwaka 1969, akapata watoto watatu, Waweru, Wanjira na Muta. Ndoa ilivunjika mahakamani mwaka 1979, na kwa maneno aliyoyasema juu ya hukumu ile alifungwa gerezani, akatoka baada ya siku tatu. Mumewe hakutaka aendelee kulitumia jina lake la Mathai. Naye akaongeza herufi moja, likawa Maathai, lake mwenyewe. Alipopata kazi ya kusafiri, ilimbidi awaache watoto kwa baba yao kwa muda, jambo lililomwuma sana. Wako watakaomlaumu kwa hilo. Mwandishi haoni kuwa mwanamume katika hali ile angelaumiwa.

Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, mahali pa maskini kupumzika. Alitukanwa Bungeni, na chama chake kikatolewa katika ofisi ya serikali. Akahamishia kazi nyumbani kwake. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alikaa bustanini humo pamoja na akina mama waliofunga kula wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa waachiwe. Askari wakampiga hata akazimia. Januari 1999, alipokwenda kupanda miti katika Msitu wa Karura uliokuwa ukigawiwa wakubwa, alipasuliwa kichwa. Msitu ule upo hata leo, na watu huenda kutembea.

Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa Mbunge, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Habari ilimkuta njiani akielekea jimboni. Alisimama Nyeri, akachimba shimo kwa mikono, akapanda mti.

Kabla ya kufa alikuwa amesema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya maji. Bintiye Wanjira ameendelea na kazi ya miti.