Sayansi ya Vipuri Vinavyofuliwa kwa Mkono

Katika jimbo la California, nchini Marekani, yako mabonde mapana ya udongo mkavu ambayo zama za kale yalikuwa maziwa. Katika miaka ya 1930 vijana wa mji wa Los Angeles na vitongoji vyake walikuwa wakienda huko, hasa Muroc na El Mirage, kushindanisha magari yao kwa mwendo. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda Southern California Timing Association, chama ambacho hadi leo kinasimamia mashindano ya El Mirage. Bonde la Muroc lilichukuliwa na jeshi, na sasa ni sehemu ya kituo cha ndege cha Edwards.

Magari yenyewe hayakuwa ya fahari. Mengi yalikuwa Ford kuukuu zilizotengenezwa kati ya mwaka 1928 na 1932 na kununuliwa kwa bei ndogo. Lililopendwa kupita yote ni rodista, yaani gari la wazi la viti viwili, lisilo na paa la kudumu wala vioo vya milangoni, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko mengine. Mwanafunzi aliyesoma kanuni ya pili ya Newton ataelewa mara moja sababu ya upendeleo huo: mchapuko hupatikana kwa kugawanya kani kwa tungamo. Aliyetaka mwendo wa kasi alikuwa na njia mbili tu, kuongeza kani au kupunguza tungamo, na vijana hao walitumia zote mbili. Waling'oa bawa za magurudumu na kila kitu kisichohitajika, kisha wakaiboresha injini. Gari la namna hiyo liliitwa hotirodi. Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa injini ya silinda 8 yenye ukubwa wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, nayo ikawa injini iliyotafutwa kuliko zote.

Lakini gari linalokwenda kasi halina budi kusimama. Magari ya Ford ya kabla ya mwaka 1939 yalikuwa na breki zinazovutwa kwa fito na nyaya. Kuanzia magari ya mwaka 1939 kampuni hiyo iliweka breki zinazotumia kiowevu, na wajenzi wa hotirodi wakaanza kuzihamishia katika fremu za zamani. Hapo ndipo ilipozuka kazi ya kufua vipuri kwa mkono. Hakuna kiwanda kilichotengeneza kishikizo cha kuunganisha kanyagio la gari la mwaka 1939 na fremu ya mwaka 1929. Mjenzi alilazimika kukitengeneza mwenyewe, na wanaojenga magari kwa mtindo huo wa zamani wanafanya hivyo hata leo. Swali linalojitokeza ni zito: atajuaje kuwa kipande alichokikata kwa msumeno hakitakatika siku atakapoikanyaga breki kwa nguvu zake zote?

Kani inayopita katika kanyagio

Kanyagio la breki ni wenzo. Tuseme egemeo lake liko kati ya mguu wa dereva na ufito unaosukuma pistoni, kwamba mguu uko umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye egemeo, na kwamba ufito uko umbali wa sentimita 5. Uwiano wa wenzo huo ni 6. Dereva akikanyaga kwa kani ya nyutoni 300, ufito utasukuma kwa nyutoni 1,800. Ikiwa pistoni ina eneo la sentimita 5 za mraba, kanieneo katika kiowevu itakuwa nyutoni 360 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kanuni ya Pascal, kanieneo hiyo husambaa sawasawa hadi katika kila gurudumu.

Wengi hukomea hapo wakaridhika. Lakini kanuni ya tatu ya Newton haijamaliza kudai haki yake. Kwa kuwa mguu unasukuma mbele upande mmoja wa egemeo, na ufito unarudisha kani kuelekea upande huo huo, egemeo hubeba jumla ya kani zote mbili, yaani nyutoni 2,100. Mtoto akikatiza barabara ghafla, dereva atakanyaga kwa kani mara tatu ya ile ya kawaida. Kani katika egemeo itafika nyutoni 6,300, takriban uzito wa tungamo la kilo 640. Mzigo huo wote hubebwa na kishikizo chenye ukubwa wa kiganja cha mkono.

Kutoka kigezo hadi bamba

Fundi mwangalifu haanzi na chuma, huanza na karatasi ngumu. Hukata kigezo, hukijaribisha mahali pake, hukirekebisha, na kinapokaa vizuri hukichora juu ya bamba la chuma kwa msumari wa kuchorea. Vituo vya matundu hutiwa alama kwa patasi yenye ncha ili keekee isiteleze. Karatasi iliyoharibika haina hasara, bali bamba lililokatwa vibaya ni hasara ya fedha na ya siku nzima.

Hatua ya pili ni kuamua unene na umbo. Uthabiti wa bamba dhidi ya kupinda hulingana na unene wake uliopigwa kipeo cha tatu. Bamba likiongezwa unene mara mbili, huwa gumu kupinda mara nane, lakini uzito nao huongezeka maradufu. Njia iliyo bora ni kulikunja ukingo. Bati la kuezekea nyumba huonyesha jambo hilo wazi: bati lililonyooka hulegea kama karatasi, na lenye migongo hubeba uzito wa mtu, ingawa unene ni ule ule. Mikunjo huiweka metali mbali na mstari wa kati, na metali iliyo mbali na mstari huo ndiyo inayopinga kupinda.

Bamba linapokunjwa, upande wa nje hunyooshwa na upande wa ndani husongwa. Kona ikiwa kali mno, upande wa nje hupata nyufa ndogo ambazo pengine hazionekani kwa macho. Kwa hiyo mafundi huuacha mkunjo uwe wa duara, ambao nusukipenyo chake cha ndani hakipungui unene wa bamba. Tena huutazama mwelekeo ambao bamba lilivingirishiwa kiwandani, kwa sababu mkunjo unaofuata mwelekeo huo hupasuka kwa urahisi zaidi, kama ubao unavyopasuka kwa kufuata nyuzi zake.

Baridi hukaza, moto hulainisha

Metali imejengwa kwa fuwele ndogo ndogo ambazo ndani yake atomu zimepangwa kwa safu. Safu hizo huwa na kasoro, na kasoro hizo ndizo zinazowezesha safu moja kuteleza juu ya nyingine pasipo metali kuvunjika. Nyundo inapolipiga bamba baridi, kasoro huongezeka mno hata zikazuiana, na metali huwa ngumu zaidi. Fundi anayefinyanga bamba la mwili wa gari juu ya mfuko wa mchanga huisikia hali hiyo mkononi mwake: nyundo huanza kuruka na mlio hubadilika. Akiendelea kupiga, bamba litapasuka.

Dawa yake ni moto. Metali ikipashwa joto la kutosha, fuwele mpya zisizo na msongamano wa kasoro huota mahali pa zile za zamani, na ulaini hurudi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa metali ubichi huo hurejeshwa na moto. Chuma humsaidia fundi kwa kuwaka rangi nyekundu. Alumini haina hisani hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kuonyesha wekundu wowote, na fundi asiye na habari hushtuka kuona kazi yake imedondoka chini. Mafundi wa magari na ndege walibuni hila nzuri: huupunguzia mwale wa asetilini oksijeni ili utoe masizi, hulipaka bamba masizi hayo, kisha huupitisha juu yake mwale ulio safi. Masizi yanapoungua na kutoweka, alumini imefika joto la kulainika nayo bado iko mbali na kuyeyuka.

Moto huo huo unaweza kuangamiza. Chuma chenye kaboni nyingi kikipozwa ghafla kwa maji kingali chekundu, huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo. Ekseli ya mbele ya hotirodi mara nyingi hupashwa moto na kupindwa ili gari likae chini na kituo chake cha uzito kishuke. Ekseli hiyo haina budi kuachwa ipoe polepole katika hewa tulivu. Pupa ya kuimwagia maji imeharibu kazi nyingi njema.

Matundu na uchovu wa metali

Alama moja ya magari haya ni matundu mengi yaliyotobolewa katika vishikizo, makanyagio na hata ekseli ili kupunguza uzito. Tundu lililowekwa kwenye mstari wa kati wa kipande kinachopinda halidhuru sana, kwa kuwa hapo mkazo unaotokana na kupinda ni mdogo. Mambo hubadilika katika kipande kinachovutwa. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani aitwaye Kirsch alionyesha kwa hesabu kuwa kandokando ya tundu la duara katika bamba pana linalovutwa, mkazo ni mara tatu ya ule wa mahali pengine. Mkwaruzo wenye ncha kali ni mbaya zaidi. Ndiyo maana fundi hodari, baada ya kutoboa tundu, hulisugua kingo kwa tupa hadi liwe laini.

Mkazo huo hauvunji kipande siku ya kwanza. Tarehe 8 Mei 1842 garimoshi lililokuwa likitoka Versailles kwenda Paris lilianguka na kuwaka moto baada ya ekseli ya injini kukatika, na watu zaidi ya 50 walikufa. Ekseli hiyo ilikuwa imekwisha kubeba mzigo wake mara nyingi bila dalili ya hatari. Miaka iliyofuata Mjerumani August Wöhler alifanya majaribio marefu juu ya ekseli za reli, akathibitisha kuwa mzigo mdogo unaorudiwa mara nyingi huweza kuvunja kile ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukivunja. Hali hiyo huitwa uchovu wa metali. Ufa huanzia kwenye kona kali, mkwaruzo au kiungo kibaya cha kuchomelea, nao hukua kidogo kidogo kimyakimya.

Hata urembo una hatari yake. Vipuri vya feleji ngumu vikitiwa kromiamu kwa umeme, atomu za hidrojeni hupenya ndani ya metali na kuidhoofisha, hata boliti ikakatika baada ya siku chache bila kuongezewa mzigo. Viwanda vyenye uangalifu huviweka vipuri hivyo katika tanuri la nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa, mara tu baada ya kuvitia kromiamu, ili hidrojeni itoke.

Mpaka wa kazi ya mkono

Kutokana na hayo, wajenzi wenye busara wamejiwekea mpaka. Mabamba ya mwili, vishikizo na makanyagio huweza kufuliwa kwa mkono kwa uangalifu. Mikono ya usukani na vishina vya magurudumu ni vyema vibaki vile vilivyofuliwa kiwandani kwa nyundo kubwa ya mashine, ambayo huzielekeza nyuzi za metali zifuate umbo la kipuri. Anayekata mkono wa usukani na kuuchomelea upya huzivunja nyuzi hizo mahali pabaya kuliko pote, maana kipuri hicho kikikatika hakuna kingine cha kumwokoa dereva.

Kanuni hizi hazina nchi. Mhunzi wa Gikomba mjini Nairobi, au fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam anayefua kishikizo cha springi ya lori, yumo chini ya sheria zile zile za mkazo, moto na uchovu.

Majaribio ya kufanya shuleni

1. Chukua waya wa shaba nyekundu na uupinde mbele na nyuma. Utaona unazidi kuwa mgumu, kisha unakatika. Hesabu mara ulizoupinda. Chukua waya mwingine wa aina hiyo, uupinde nusu ya hesabu ile, uupashe moto hadi uwe mwekundu, uuache upoe, kisha uendelee kuupinda. Linganisha hesabu mbili.

2. Kata vipande viwili vya karatasi vyenye upana sawa. Kimoja kitobolee katikati tundu la duara, kingine kikate ukingoni mkato mdogo wenye ncha. Vivute taratibu na uangalie mpasuko unaanzia wapi.

3. Tafuta kipuri cha chuma kilichovunjika au kinachoshukiwa kuwa na ufa. Kisafishe, kitie katika mafuta ya taa kwa saa moja mbali na moto, kikaushe vizuri kwa kitambaa, kisha ukipake unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya weupe wa chaki. Njia hii ilitumika katika karakana za reli tangu karne ya 19, na gharama yake haizidi kipande cha chaki. Ufa ukionekana, kipuri hicho kisirudishwe barabarani.