Sucre: Mji wa kutua shanta

JE, msomaji, ukipata wiki mbili za kuzuru Bolivia ilhali mfuko wako ni mwembamba, utatembelea miji mingapi? Wasafiri wengi wa shanta hutaja sita au saba, na usiku hulala ndani ya mabasi. Mimi nakushauri ufululize hadi Sucre, uvue viatu na utulie.

Kwanza ni suala la pumzi. La Paz uko mita 3,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgeni akipanda ngazi kumi tu kichwa huanza kumgonga. Sucre uko mita 2,800. Bado ni juu kuliko Nairobi kwa kilomita moja hivi, kwa hivyo siku ya kwanza usijitie ushujaa. Hata matajiri wa migodi ya fedha ya Potosí, kwenye baridi kali, walipendelea kujenga makao Sucre. Mwaka 1991 Unesco iliutia mji huo wa kuta nyeupe katika orodha ya urithi wa dunia.

Mnamo saa tatu asubuhi tafuta salteña kabla hazijaisha. Ni kama sambusa, ila huokwa, na ndani mna mchuzi. Usiiume kwa pupa! Toboa pembe, ufyonze mchuzi kwanza, la sivyo shati lako litatoa ushahidi. Kisha ingia soko kuu, uketi mbele ya mama wa juisi. Ukimaliza gilasi, mwambie "yapa", yaani nyongeza, naye atakumiminia tena bila malipo.

Siku ya tatu moyo utakusuta: nimevuka bahari kuja kukalia benchi? Hapo ndipo wengi hufunga shanta. Wewe jiandikishe masomo ya Kihispania ya asubuhi, na jioni uyajaribu katika bustani ya Plaza 25 de Mayo, kwa wanafunzi wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1624. Kando ya bustani hiyo ipo Casa de la Libertad, nyumba ambamo uhuru wa Bolivia ulitangazwa mwaka 1825.

Jua likikaribia kutua, panda polepole hadi La Recoleta, utazame mapaa ya vigae na taa zikiwashwa moja moja. Usiku, mwenzako wa chumbani atakuhesabia miji aliyopitia wiki hiyo. Muulize alikula nini.