Masomo ya mchanganyiko: telefone haifundishi kama mwalimu hakutayarishwa

Mu majimbo yetu ya mashariki, kufungwa kwa shule haiko tena jambo la kushangaza. Mwezi wa tatu 2020, korona ilifunga shule zote za inchi. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka, wanafunzi wa Goma wakakimbia pamoja na wazazi wao. Mwanzo wa mwaka 2025, vita vilifika Goma, kisha Bukavu, na masomo yakasimama tena. Kila mara wazazi wanauliza swali moja: watoto wataendelea kusoma namna gani?

Jibu tunalosikia zaidi siku hizi ni masomo ya mchanganyiko. Maana yake ni hii: sehemu moja ya somo mtoto anaipata darasani mbele ya mwalimu, sehemu ingine anaipata akiwa mbali, kwa njia ya redio, telefone, kadi memori ao karatasi yenye kazi ya kufanya nyumbani. Sehemu zote mbili zinapangwa pamoja. Kile mtoto alisikia nyumbani jioni, njo mwalimu anaanzia nacho asubuhi.

Wazo ni zuri. Lakini mara nyingi watu wanawaza kwanza mashini: tablete ngapi, telefone ngapi, pano ngapi za jua. Mwalimu anaitwa mwishoni. Anafundishwa siku mbili mu sale ya mji, anapewa breve na feza ya transpo, anarudi kijijini. Kisha mwezi moja, mengi amesahau, na mashini imefungiwa mu kabati ya direkta. Makala hii inaeleza namna ya kupanga mafunzo ya walimu ili feza isipotee hivyo, na ili siku shule itafungwa tena, mtoto asibaki mikono mitupu.

Wengine walijaribu, tujifunze kwao

Kule Peru, Amerika ya kusini, serkali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya inchi za Amerika walifuatilia shule 319, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Watoto walijua kutumia ile kompyuta, ndiyo. Lakini kwa hesabu na kwa lugha, hawakuonekana kuwapita wale ambao hawakupewa. Kompyuta ilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ileile.

Karibu na sisi zaidi, Afrika ya kusini walifanya jaribio lenye kutufaa sana, mu jimbo la North West. Walimu wote wa jaribio walipewa vitabu vilevile na mipango ileile ya masomo. Kundi la kwanza liliitwa semina mara mbili kwa mwaka. Kundi la pili lilitembelewa darasani na mwalimu mwenye uzoefu, ambaye aliangalia namna wanafundisha na kuwaonyesha pa kurekebisha. Kisha miaka miwili, faida ya kusoma iliyoonekana kwa watoto wa kundi la pili ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya watoto wa kundi la semina.

Kisha wakauliza swali lingine, kule Mpumalanga: je, ule mwenye kutembelea anaweza kubaki mbali, akasaidia kwa tablete na telefone tu? Mwaka wa kwanza, matokeo yalifanana. Lakini kisha miaka mitatu, walimu waliotembelewa kwa miguu walikuwa mbele, na wale wa telefone wakabaki nyuma. Telefone inasaidia kukumbusha. Mtu mwenye kuketi nyuma ya darasa anaona mambo ambayo telefone haioni.

Sisi wenyewe tuko na mifano

Haiko lazima kwenda mbali. Kati ya 2009 na 2014, mradi PAQUED, uliolipwa na Marekani, ulipeleka masomo ya redio mu shule za Bandundu, Equateur na jimbo la Orientale, lile ambalo leo limegawanyika kuwa Ituri, Tshopo, Haut-Uele na Bas-Uele. Haikuwa redio ya kusikiliza kimya. Sauti ya redio inauliza swali, inanyamaza, watoto wanajibu. Inamwambia mwalimu aandike ubaoni, inangoja. Hivi mwalimu anajifunza namna mpya ya kufundisha akiwa palepale kazini, mbele ya watoto wake, bila kutoka darasani hata siku moja.

Mfano wa pili ni IFADEM, mpango wa inchi zenye kutumia Kifaransa. Ulianzia Benin na kwa jirani zetu wa Burundi, kisha ukaingia kwetu kupitia Katanga. Mwalimu wa shule ya msingi anasoma kwa miezi sita mpaka tisa: siku chache pamoja na wenzake, kisha anarudi kwake na vitabu vidogo vya kazi, na msimamizi mwenye kumfuatilia mpaka mwisho. Angalia vizuri: mafunzo yenyewe ni ya mchanganyiko. Mwalimu anaonja kama mwanafunzi kile ambacho kesho atawapa wanafunzi wake. Akisoma peke yake usiku na kukwama pa kuuliza, ataelewa kwa nini mtoto naye anakwama.

Namna ya kupanga, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa shule moja yenye walimu 12. Direkta, komite ya wazazi na mtu wa mradi wanaweza kufuata njia hii.

*Kwanza, kuhesabu kile kipo.* Mbele ya kuchagua kitu chochote, kila mwalimu ajibu karatasi moja. Uko na telefone ya aina gani? Moto unaupata wapi, na mara ngapi kwa juma? Reseau inashika nyumbani ao sherti upande kilima? Saa gani uko huru? Swali hili la mwisho ni la lazima kwa walimu wanawake. Wengi wao wakitoka shuleni wanapita shambani, sokoni, kisha jikoni. Kikao cha WhatsApp cha saa moja za usiku kitawapata wakiwa wanapika. Kama kati ya walimu 12 watano tu njo wenye telefone ya kupokea picha na sauti, mpango wa mafunzo unaanzia ku wale watano na ku redio. Hauanzii ku ndoto ya kila mtu na tablete.

*Pili, kuchagua jambo moja kwa trimestre moja.* Semina nyingi zinaanguka juu zinataka kufundisha kila kitu mara moja. Jambo moja linatosha: tuseme kusoma kwa darasa la tatu. Mwalimu anajifunza kurekodi kwa telefone yake nusu ukurasa ya kitabu, anaicheza darasani na bafle ndogo, anaacha watoto wafuate kwa kidole mu kitabu. Nyumbani mtoto anasimulia ile hadisi kwa mzazi. Kesho yake mwalimu anauliza maswali matatu. Walimu wakizoea hii, trimestre ya pili wanaongeza hesabu.

*Tatu, kugawanya mafunzo kwa vipande.* Siku mbili za pamoja mwanzoni zinatosha, lakini nusu ya saa zake iwe ya kujaribu: mwalimu anasimama, anafundisha dakika kumi, wenzake wanamwambia walichoona. Kisha juma sita za kazi darasani, na kila juma ujumbe moja mfupi wa sauti ao karatasi moja ya kukumbusha. Kisha kikao kingine cha nusu siku, kila mwalimu anakuja na kaye za wanafunzi wake. Hakuna haja ya kuunda vikao vipya. Shule ziko tayari na vikao vya unité pédagogique, na shule za karibu zinaunganika mu mtandao wenye kuitwa REP. Humo njo mafunzo yanapashwa kuingia, ndani ya saa za kazi.

*Ine, kupata mtu wa kutembelea.* Enspekta ni moja kwa shule nyingi, barabara ni mbaya, na mara nyingi hana pikipiki wala feza ya esanse. Kumngojea yeye peke yake ni kungojea mvua wakati wa jua. Mpango mzuri unachagua walimu wawili wenye uzoefu mu REP, unawapa saa chache zisizo za kufundisha, na unalipa transpo yao. Kila mwalimu atembelewe mara moja kwa mwezi. Ule mwenye kutembelea haendi kutoa nota wala kuandika ripoti ya kumshitaki mtu. Anaketi nyuma, anaangalia, kisha anauliza: "Mwalimu, ni fasi gani watoto walipotea? Tujaribu namna gani kesho?"

*Tano, kusema ukweli juu ya feza.* Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mu 2019, madarasa yamejaa. Walimu wengi, wale wenye kuitwa NU, wanafundisha bila mshahara wa serkali. Kumwambia mwalimu wa namna hiyo anunue mega mwenyewe ili atume masomo, ni kumpa mzigo juu ya mzigo. Mega, kuchaji telefone, fotokopi na transpo ya wenye kutembelea viandikwe mu bajeti mbele ya tablete ya kwanza. Kama feza haitoshi vyote, punguza mashini, hapana kupunguza matembezi.

*Sita, kujitayarisha kwa siku shule itafungwa.* Hii njo sehemu yetu sisi watu wa mashariki, na mu vitabu vya kigeni mara nyingi haipo. Mu mafunzo, kila mwalimu atengeneze mapema juma mbili za kazi: karatasi, na sauti mu kadi memori isiyohitaji intaneti. Watoto wagawanywe kwa makundi ya jirani, avenyu kwa avenyu, kila kundi na mtu mzima moja mwenye redio ao telefone. Hivi hata mtoto ambaye kwao hakuna kitu anasoma kwa jirani. Bila mpango huu, masomo ya mbali yatasaidia wale tu wenye telefone nyumbani, na wenzao watazidi kubaki nyuma.

Kuna pia jambo la usalama. Kundi la WhatsApp la walimu libaki la masomo tu. Habari za askari, picha za barabarani, majina ya watu, vyote hivyo visipite humo. Telefone ikikamatwa na kufunguliwa, ujumbe moja unaweza kuleta hatari kwa mwalimu na kwa wenzake wote. Mafunzo yanapashwa kusema hili wazi siku ya kwanza.

Lugha pia inahesabika

Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inapatia lugha za inchi nafasi mu mwanzo wa shule ya msingi, na kwetu mara nyingi ni Kiswahili. Lakini karatasi nyingi za mafunzo zinafika kwa Kifaransa kizito, na maneno ya kompyuta juu yake. Mwalimu anaitika kwa kichwa, anaogopa kuuliza. Mwenye kufundisha aeleze kwa Kiswahili cha hapa, aache walimu wabishane mu lugha wanayoizoea, kisha waandike Kifaransa pale inahitajika. Kikao ambamo hakuna mwenye kuuliza hakionyeshi kwamba wote wameelewa.

Tutajuaje kama imefaulu?

Miradi mingi inahesabu breve: walimu mia moja wamefundishwa, kazi imeisha. Hesabu hiyo haisemi kitu juu ya mtoto. Angalia mambo matatu. Kisha miezi mitatu, walimu wangapi wangali wanatumia kile walifunzwa, hata siku hakuna mgeni? Mu kaye za watoto, kazi ya nyumbani ipo na imesahihishwa? Na ukichukua watoto kumi bila kuchagua, wanasoma ule ukurasa kuliko mwanzo wa trimestre? Komite ya wazazi inaweza kufanya hesabu hiyo yenyewe, na karatasi moja na kalamu.

Basi wazazi, direkta, na ninyi walimu: siku mradi utabisha ku mlango wa shule yenu na makartoni ya tablete, pokeeni wageni kwa heshima, lakini ulizeni mbele ya kutia sinyatire. Nani atamtembelea mwalimu mwezi wa pili na mwezi wa sita? Mega na transpo vinatoka kwa nani? Walimu watapewa saa gani za kujifunza? Shule ikifungwa kesho, mtoto asiye na telefone atasoma kwa nani? Kama majibu ya maswali haya mane yameandikwa mu mkataba, kazi inaweza kuanza. Kama hayapo, ombeni warudi nayo.